Mjane Arithiwaye na Mjane Arithiye: Nasaba na Mirathi katika Majengo ya Nyeri

Utangulizi

Kitenzi 'kurithi' katika Kiswahili hakichagui sana yambwa yake. Mtu hurithi shamba, hurithi cheo, hurithi sura ya babu yake, na katika jamii nyingi za Kenya husemwa pia kwamba mtu amemrithi mjane. Katika matumizi haya ya mwisho mjane si mtenda bali ni mtendwa. Huhesabiwa pamoja na mifugo na vyombo alivyoviacha marehemu. Kitenzi hicho hicho, kikiondolewa kiambishi cha kauli ya kutendwa, humgeuza mjane akawa mrithi mwenye fungu lake. Baina ya 'mjane amerithiwa' na 'mjane amerithi' pana tofauti ya silabi moja tu, lakini katika maisha ya mwanamke tofauti hiyo ni nyumba, kodi na mahali pa kulala.

Makala haya yanaeleza jinsi mjane wa Majengo, mjini Nyeri, anavyopata au kukosa mirathi yake. Majengo yamechaguliwa kwa sababu ni mahali ambapo taratibu tatu za urithi hukutana katika nyumba moja: mila ya Wagikuyu, faraidhi ya Kiislamu, na sheria ya Serikali. Hoja inayojengwa ni kwamba fungu la mjane lenyewe si jambo gumu kulijua, kwani limeandikwa. Lililo gumu ni kuthibitisha ndoa, uzazi na umiliki, yaani historia ya familia. Mjane asiyeweza kuisimulia na kuithibitisha historia hiyo hupoteza haki ambayo hakuna kitabu kilichomnyima.

Majengo kama mji wa mpakani

Miji iliyouzunguka Mlima Kenya ilianza kama ngome za kikoloni. Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, ilianzishwa mwaka 1900. Nyeri ilifuata mwezi wa Desemba 1902, wakati Richard Meinertzhagen na kikosi chake cha askari walipojenga ngome huko. Embu ilifuata mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Kwa watawala wa Kiingereza hapa palikuwa mpakani, mahali ambapo amri yao ilikuwa bado haijazoeleka. Kwa Wagikuyu, Waembu na Wameru hapakuwa mpakani hata kidogo. Palikuwa nyumbani, na mgeni alikuwa yule aliyejenga ngome.

Ngome haikuja peke yake. Iliandamana na askari, wapagazi, wapishi, wakalimani na wachuuzi, wengi wao wakiwa Waislamu waliotoka pwani au waliosilimu wakiwa katika misafara. Watu hawa hawakuwa na ukoo katika ardhi ya milimani wala hawakuwa Wazungu wa kupewa mashamba. Walijenga kando ya mji, na vijiji vyao vikaitwa kwa jina lililotokana na kazi iliyoonekana hapo kila siku, yaani kujenga. Ndiyo sababu jina Majengo linapatikana Nyeri, Nanyuki, Meru, Embu, Nairobi na katika miji mingine mingi ya Kenya na Tanzania.

Wanaume wale walioa. Wengi waliwaoa wanawake wa Kigikuyu na wa jamii jirani. Baadhi ya wanawake walikuwa wametenganishwa na watu wao na njaa kuu iliyoikumba nchi ya milimani mwishoni mwa karne ya 19. Wengine walikuwa wajane waliokataa kurithiwa na shemeji zao, na wengine walifuata biashara tu. Mwanamke aliyeingia Majengo aghalabu alisilimu, akapewa jina jipya, akajifunza Kiswahili na kukifanya lugha ya watoto wake. Utafiti wa Janet Bujra uliochapishwa mwaka 1975, pamoja na kitabu cha Luise White cha mwaka 1990, umeeleza kwa kina jinsi wanawake wa namna hii walivyokuwa wenye nyumba katika Pumwani na Pangani za Nairobi. Historia ya Majengo za Mlima Kenya haijaandikwa kwa ukamilifu kama huo, lakini masuala ya urithi yaliyojitokeza Nairobi ni yale yale yanayojitokeza katika miji hii.

Ikumbukwe pia kwamba mali iliyorithiwa Majengo ilikuwa ya aina ya pekee. Ordinansi ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1915 iliifanya ardhi ya koloni kuwa chini ya mamlaka ya Mfalme wa Uingereza, na hukumu ya mahakama ya mwaka 1921 ikasisitiza kwamba Waafrika walikaa juu yake kwa hiari ya Serikali tu. Katika vijiji vya Waswahili vya miji ya bara, mtu aliweza kumiliki kuta, fito, bati na milango ya nyumba yake, ilhali kiwanja kilikuwa cha Serikali. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mtindo wa Kiswahili: ushoroba katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma. Vyumba viwili vitatu vilikaliwa na mwenye nyumba, vilivyosalia vikapangishwa. Kwa hiyo alichokiacha marehemu kilikuwa hasa ni haki ya kupokea kodi, na haki hiyo ilitegemea kukubaliwa na afisa wa mji aliyeshika daftari la viwanja.

Mjane katika mila ya Wagikuyu

Katika mila ya Wagikuyu, ardhi ilikuwa ya mbari, yaani ukoo uliotokana na mwanzilishi mmoja, na iliangaliwa na msimamizi aliyeitwa muramati. Mume aliyeoa wake kadhaa alimgawia kila mmoja mashamba ya kulima, na kila mke pamoja na watoto wake walihesabiwa kuwa nyumba moja. Mume alipofariki, mashamba yalibaki katika nyumba iliyokuwa ikiyalima, na mjane akayashika hadi wanawe wa kiume walipokua. Jomo Kenyatta aliueleza mfumo wa mbari na ardhi katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya.

Mjane, ambaye kwa Kigikuyu huitwa mutumia wa ndigwa, hakufukuzwa. Angeweza kuingia katika nyumba ya ndugu wa marehemu, au kubaki katika nyumba yake, na watoto waliozaliwa baadaye wakahesabiwa kuwa wa marehemu. Mjane asiye na mtoto wa kiume angeweza hata kumwoa mwanamke mwingine kwa kumlipia mahari, ili watoto wa mwanamke huyo wawe warithi wa nyumba yake. Basi si kweli kwamba mila ilimwacha mjane mikono mitupu. Hata hivyo, alichopewa kilikuwa haki ya kukaa na kulima. Hakikuwa mali ya kuuza au kuachia amtakaye. Na haki hiyo ilidumu maadamu aliendelea kuwa mtu wa mbari ya mumewe.

Haki ya namna hii hulindwa na kumbukumbu za wazee. Ilipata pigo kubwa wakati wa Hali ya Hatari, Serikali ya kikoloni ilipotekeleza mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Katika Nyeri na wilaya jirani, vipande vya ardhi vilikusanywa, vikapimwa na kusajiliwa, na majina yaliyoandikwa katika sajili yalikuwa kwa sehemu kubwa ya wanaume wakuu wa nyumba. Haki ya mjane ya kulima haikuwa na safu yake katika daftari. Mwanamke wa Majengo aliyekuwa akitarajia kurudi siku moja kwenye shamba la baba yake au la mume wake wa kwanza aligundua kwamba lina mwenyewe kwa hati. Kwake, nyumba ya udongo mjini haikuwa tena mali ya ziada. Ilikuwa ndiyo mali yote.

Fungu la mjane katika faraidhi

Katika Uislamu mjane ni mrithi, na Kurani, katika Sura ya An-Nisaa, inakataza waziwazi kuwarithi wanawake kwa nguvu. Mafungu yametajwa katika aya ya 11, ya 12 na ya 176 za sura hiyo. Mjane hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa mume ameacha mtoto. Hupata robo ikiwa hakuacha mtoto. Wajane wakiwa wawili au zaidi hugawana thumuni hiyo moja au robo hiyo moja. Baada ya wenye mafungu maalumu kupewa haki zao, kinachobaki huwaendea watoto, mtoto wa kiume akipata mara mbili ya mtoto wa kike.

Kabla ya mafungu hayo kugawanywa, kuna mambo matatu yanayotangulia: gharama za mazishi, madeni ya marehemu, na wasia. Wasia hauwezi kupita thuluthi ya kilichobaki, wala haufanywi kwa manufaa ya mtu ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wengine wakiridhia. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba mahari ambayo mume hakuilipa ni deni. Mjane huidai kwanza kama mdai yeyote, kisha ndipo hupokea fungu lake kama mrithi. Hali kadhalika, mali aliyoichuma mke mwenyewe, iwe cherehani, dhahabu, au chumba alichokijenga kwa fedha zake, si mali ya marehemu na haiingii katika mgawo. Mjane asiyeyajua haya huketi eda yake ya miezi minne na siku kumi, akaondoka na thumuni, akiwa ameziacha nyuma haki mbili zilizotangulia.

Faraidhi ina masharti yanayogusa moja kwa moja maisha ya Majengo. La kwanza ni kwamba Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu hawarithiani. La pili ni kwamba mtoto wa kulea si mrithi, hata awe amelelewa tangu siku ya kwanza. Mwanamke wa Kigikuyu aliyesilimu na kufariki bila mtoto aliacha mama, dada na kaka katika vijiji vya Tetu au Mathira, lakini hao hawakuweza kumrithi kwa faraidhi. Binti aliyemlea na kumwuguza naye hakuwa mrithi. Faraidhi hata hivyo haikufunga mlango: mwenye mali aliweza kumwachia mtoto wa kulea au ndugu asiye Mwislamu hadi thuluthi kwa wasia, kumpa hiba angali hai na mzima, au kuiweka nyumba wakfu. Tatizo halikuwa kukosekana kwa njia, bali kutoitumia njia hiyo mapema, mbele ya mashahidi.

Mfano wa hesabu

Ili jambo hili lieleweke, na tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamume amefariki Majengo akiacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Wazazi wake wamekwisha kufariki. Baada ya mazishi na madeni, mali iliyobaki ni nyumba yenye thamani ya shilingi 2,400,000.

Thumuni ya mjane ni shilingi 300,000. Zinabaki shilingi 2,100,000. Kila mwana wa kiume anahesabiwa sehemu mbili na kila binti sehemu moja, jumla sehemu saba, na kila sehemu ni shilingi 300,000. Kila mwana wa kiume anapata 600,000, na kila binti anapata 300,000. Ikiwa nyumba haiuzwi, uwiano huo huo hutumika katika kodi: kati ya kila shilingi 24,000 za kodi kwa mwezi, mjane anastahili 3,000.

Hesabu hii ingeweza kukamilishwa darasani kwa dakika chache. Ugumu huanza pale familia inaposema, kwa nia njema kabisa, kwamba mama yupo na nyumba ipo, kwa hiyo hakuna haja ya kugawana. Miaka inapita, na mjane naye anafariki. Hapa wengi hudhani kwamba fungu lake linarudi kwa watoto wa mumewe. Sivyo. Thumuni ilikuwa mali yake kamili tangu siku aliyofariki mumewe, ijapokuwa hakuigusa. Kwa hiyo shilingi 300,000 zinakwenda kwa warithi wake yeye.

Na tuseme mjane huyu aliwahi kuolewa kabla ya kufika katika nyumba hii, akazaa binti katika ndoa hiyo ya kwanza. Binti huyo si mtoto wa mwenye nyumba, wala hakupata chochote katika mgawo wa kwanza. Lakini ni mtoto wa mjane. Iwapo ni Mwislamu, anarithi pamoja na ndugu zake watano wa tumbo moja: wana wawili wa kiume wana sehemu nne, mabinti wanne wana sehemu nne, jumla nane. Sehemu moja ni shilingi 37,500, nayo ni haki yake. Iwapo alibaki kwa bibi yake kijijini na kukulia katika Ukristo, faraidhi haimpi fungu. Hata hivyo mama yake angeweza kumwachia kwa wasia hadi thuluthi ya mali yake, yaani shilingi 100,000, zaidi ya ambavyo angepata kwa kurithi. Watoto wa nyumba hiyo wanapomwona mgeni akidai nyumba ya baba yao, humwona kuwa mwizi. Anachokidai si cha baba yao. Ni cha mama yao, ambaye pia ni mama yake.

Wataalamu wa faraidhi huuita mgawo wa namna hii munasakha, yaani kifo juu ya kifo kabla ya mali kugawanywa. Nyumba iliyojengwa katika miaka ya 1930 na ambayo haijagawanywa hadi leo huenda imepitia vifo vya vizazi vitatu. Kila kifo kinaongeza warithi na kupunguza mafungu, na kila fungu linahitaji shahidi ambaye huenda naye amekwisha kufariki.

Sheria ya nchi

Dola ya kikoloni iliitambua faraidhi mapema. Ordinansi ya mwaka 1906 iliweka utaratibu wa kusajili ndoa na talaka za Waislamu, na ile ya mwaka 1920 ikahusu ndoa, talaka na urithi wao. Baada ya Uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Sheria hiyo ilikusudiwa kuwa moja kwa Wakenya wote. Waislamu waliipinga kwa kuwa ilitangua mafungu ya Kurani, na mwaka 1990 ikarekebishwa ili mgawo wa mali ya Mwislamu ufuate sheria ya Kiislamu. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 170, iliendeleza mahakama za kadhi na kuzipa uwezo wa kuamua masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi pale ambapo wahusika wote ni Waislamu nao wamekubali kusikilizwa na mahakama hiyo.

Kwa mjane asiyekuwa Mwislamu, Sheria ya 1972 ilichukua njia nyingine. Marehemu asiyeacha wasia akiwa na mke mmoja na watoto, mjane hupewa vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali iliyosalia huishikilia kwa haki ya maisha: hunufaika nayo akiwa hai, lakini si yake kuirithisha. Baada yake watoto hugawana sawasawa, wa kiume na wa kike. Kama ilivyoandikwa mwaka 1972, haki hiyo ya maisha ilikoma mjane alipoolewa tena.

Wazo la haki ya maisha lina mizizi katika sheria ya Uingereza. Sheria hiyo ilimpa mjane thuluthi ya ardhi ya mumewe kwa muda wa uhai wake, na walowezi wa Kiingereza walikwenda nayo katika makoloni yao ya Marekani. Huko nako, katika mashamba ya mpakani ya karne ya 18, mke kwa kawaida hakumiliki mali kwa jina lake ndoa ilipokuwa hai. Jina lake lilianza kuonekana katika makaratasi siku mumewe alipofariki, mali ilipoorodheshwa na thuluthi yake kupimwa. Wazao wake wanaotafuta nasaba leo hulazimika kuanzia hapo, kwenye jalada la mirathi. Ukilinganisha, mjane wa Kiingereza alipata sehemu kubwa zaidi lakini kwa kuazimwa. Mjane wa Majengo alipata sehemu ndogo zaidi lakini iliyo yake kabisa, ya kuuza na kurithisha. Tofauti nyingine ni kwamba mjane wa kwanza aliachiwa jalada, ilhali wa pili mara nyingi hana hata barua.

Swali la nani ni mtoto nalo limeendelea kujadiliwa. Mwezi wa Juni 2025, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu hawawezi kunyimwa urithi wake kwa sababu tu walizaliwa nje ya ndoa. Uamuzi huo umezua mjadala mkubwa miongoni mwa Waislamu kuhusu mpaka baina ya faraidhi na usawa wa Katiba. Vyovyote utakavyopokewa, umeongeza uzito wa jambo moja: kila upande sasa lazima uje mahakamani na ushahidi wa uzazi.

Nasaba kama ushahidi

Mbona ushahidi huo ni adimu? Sababu ya kwanza ni kwamba mwanamke aliingia katika makaratasi akiwa amechelewa. Kipande, kilichoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilikuwa cha wanaume. Wanawake wa Kenya walianza kupewa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970 tu. Mwanamke aliyezaliwa mwaka 1910 angeweza kuolewa mara mbili, kujenga nyumba na kufariki bila jina lake kuandikwa mahali popote isipokuwa katika risiti za kiwanja.

Sababu ya pili ni jina lenyewe. Mwanamke aliyeitwa Wanjiru kijijini aliweza kuwa Fatuma Majengo, na jina la babaye likawa Abdallah kwa sababu ndilo walilopewa wengi waliosilimu. Wapangaji nao wakamwita Mama Fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Majina yote matatu ni ya kweli, lakini mahakama huona watu watatu hadi athibitike kuwa ni mmoja. Sababu ya tatu ni kwamba ndoa nyingi zilifungwa na mwalimu wa madrasa mbele ya mashahidi, zikatosheleza dini lakini hazikufikishwa kwa msajili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imetaka ndoa zote zisajiliwe, zikiwemo za Kiislamu, ila haiwezi kuwafufua mashahidi wa mwaka 1948.

Pamoja na hayo, zipo njia za kuijenga upya nasaba. Mojawapo imo katika utaratibu wa Wagikuyu wa kuwapa watoto majina: mwana wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, wa pili kwa jina la babu mzaa mama, binti wa kwanza kwa jina la bibi mzaa baba, wa pili kwa jina la bibi mzaa mama. Familia nyingine za mchanganyiko ziliwapa watoto jina la Kiislamu la chuoni na jina la Kigikuyu la nyumbani. Pale ambapo jina la nyumbani limehifadhiwa, laweza kuonyesha mjane alitoka kwa nani kijijini. Ushahidi mwingine hupatikana katika risiti za kodi ya kiwanja, daftari za msikiti na madrasa, kadi za kliniki, picha za arusi zilizoandikwa nyuma, na masimulizi ya majirani wazee. Hakuna kimojawapo kinachotosha peke yake. Vikiwekwa pamoja huanza kusema.

Utaratibu wa leo unahitaji mambo hayo yawe tayari. Mjane hutakiwa kuwa na cheti cha kifo, uthibitisho wa ndoa, na kwa kawaida barua ya chifu inayowataja warithi. Maombi katika Mahakama Kuu hutangazwa katika Gazeti Rasmi ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kwa kawaida ruhusa ya kusimamia mirathi huthibitishwa baada ya miezi sita. Kabla ya hapo, mtu yeyote anayeuza, kubomoa au kupokea kodi ya mali ya marehemu bila idhini anatenda kosa la kuingilia mali hiyo. Shemeji anayekuja na kufuli siku ya arubaini hana ruhusa ya sheria, ya dini wala ya mila.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba mjane wa Majengo ya Nyeri anaishi penye njia panda ya taratibu tatu. Mila ilimpa mahali pa kukaa bila umiliki. Sheria ya 1972 ilimpa mjane asiye Mwislamu matumizi ya maisha. Faraidhi ilimpa fungu dogo lakini lake. Hakuna hata mmoja kati ya mifumo hii mitatu uliokusudia alale nje. Anapolala nje, aghalabu ni kwa sababu mgawo uliahirishwa, wasia haukuandikwa, ndoa haikusajiliwa, au jina lake la kwanza lilisahauliwa.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Wazee wa Majengo waliosalia wanaisimulia historia yao kwa Kiswahili, lugha iliyowaunganisha Mgikuyu, Mkamba, Mnyamwezi na mtu wa pwani chini ya paa moja. Kuyarekodi masimulizi hayo kwa idhini yao, majina yote matatu ya kila bibi yakiandikwa pamoja na ya mashahidi wa ndoa yake, ni kazi ya fasihi simulizi na ya isimu. Ni kazi pia ambayo siku moja yaweza kuwekwa juu ya meza ya kadhi. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kwa mjane, daftari la kwanza ni ukoo wake.